Daftari la Mkurugenzi

Ajenda ya mwisho katika kikao cha familia, siku ya pili baada ya arobaini ya Baba, ilikuwa gari. Nyumba ya Temeke tulishaizungumza, na shamba la Kisarawe pia, bila maneno mengi. Gari ndilo lililotuweka mpaka adhana ya magharibi. Lilikuwa pale pale tulipotandika majamvi, chini ya mwembe, matairi yamelala, majani makavu yamejaa chini ya kioo cha mbele: Mercedes-Benz 280 SE ya mwaka 1978, buluu iliyopauka. Mtaani liliitwa Mkurugenzi, kwa sababu kabla ya kuwa letu lilikuwa likimbeba mkurugenzi.

Kaka mkubwa alitaka tuwaite wanunuzi wa chuma chakavu walipime kwa kilo. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa ameona kwenye simu kwamba gari kama lile huko Ulaya huuzwa kwa maelfu ya yuro, akataka tulifufue. Dada hakusema kitu. Mwishowe baba mdogo alinigeukia.

“Wewe ndiye unayefundisha historia. Hebu tutafutie. Hili gari lilikuwa la thamani gani, na kulirudisha barabarani ni kiasi gani. Utuletee jibu.”

Mama, ambaye bado alikuwa ndani ya eda, alikuwa akisikiliza dirishani. Alimtuma mjukuu wake aniletee daftari la kurasa nyingi lenye jalada gumu jeusi. Ndani yake, kwa mwandiko wake wa shule ya msingi, kulikuwa na kila shilingi iliyotoka nyumbani kwetu kwa ajili ya lile gari, kuanzia mwaka 1992.

Nimesoma vitabu vingi vya historia ya uchumi wa nchi hii. Sijasoma kilichonifundisha kama daftari lile.

*

Wanafunzi wangu wakiliona gari lile hawaoni kitu. Wao gari la mkubwa ni Land Cruiser. Lakini kwa kizazi cha Baba, Benzi lilikuwa hoja ya siasa. Miaka ya 1960, mara baada ya uhuru, watu wa Afrika Mashariki walilichukua jina la Karl Benz, Mjerumani aliyesajili gari lake la magurudumu matatu mwaka 1886, wakaliweka kiambishi cha watu, wakapata kabila jipya. Kama kuna Wazaramo na Wahehe, basi kuna na Wabenzi. Waliokaa kwenye viti vya Wazungu waliitwa naizi, kutokana na lile neno la Kiingereza la kuwapa Waafrika vyeo. Na naizi aliyenona alijulikana kwa gari lake.

Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Kiongozi wa TANU au wa serikali sharti awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asimiliki nyumba za kupangisha. Ukiyasoma masharti yale utaona kwamba gari halikutajwa. Na baada ya Azimio, mabenki na makampuni makubwa yalipotaifishwa, mashirika ya umma yakaongezeka, na kila shirika likahitaji mkuu wake, na mkuu akahitaji usafiri. Gari halikuwa lake, lilikuwa la shirika. Dereva alikuwa wa shirika, petroli ya shirika, fundi wa shirika. Likiharibika hakuna aliyeingiza mkono mfukoni mwake.

Nadhani hapo ndipo hesabu ilipoanza kupotea. Kwa miaka mingi watu waliokaa viti vya nyuma vya magari yale hawakujua yanagharimu nini. Waliojua ni dereva, fundi na karani wa stoo.

Aina ile ya gari ilitolewa Septemba 1972. Kiwandani waliliita kwa namba, W116, na ndilo la kwanza kupewa rasmi jina la daraja la S. Hadi uzalishaji uliposimama mwaka 1980 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya 470,000. Ndugu yake mwenye injini kubwa zaidi, 450 SE, alichaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya mwaka 1974. Ni wakati mbaya wa kushinda: vita vya Oktoba 1973 vya Mashariki ya Kati vilikuwa vimefuatwa na vikwazo vya mafuta, na bei ya mafuta ghafi ilikuwa imepanda takribani mara nne ndani ya miezi michache. Tenki la Mkurugenzi linachukua lita 96. Mjini, kwa foleni na kiyoyozi, linakula lita 15 na zaidi kwa kilomita 100.

Lilipofika Dar es Salaam, nchi ilikuwa inaingia katika dhiki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na mpaka na Kenya umefungwa. Ikaja vita ya Kagera, kisha Mwalimu akatuomba tufunge mikanda kwa miezi 18, na miezi ile ikawa miaka. Fedha za kigeni zilikuwa za dawa na mafuta, tena hazikutosha. Kuna kipindi ambacho magari binafsi yalizuiwa kutembea Jumapili mchana ili kuokoa petroli. Kuagiza bushi ya mpira kutoka Ujerumani kulihitaji kibali, na kibali kilihitaji mtu.

Kwa hiyo gari lililotengenezwa kwa dhana kwamba kuna karakana kila mji, oili safi, filta mpya na spea ya wiki ijayo, lilijikuta mahali ambapo hakuna hata kimoja. Sisemi hivi kulaumu kiwanda. Gari lilikuwa imara kuliko mengi. Lakini gari la aina ile halisimami peke yake. Nyuma yake kuna nchi nzima inayolisaidia lisimame, na ile nchi haikuja nalo melini.

*

Baba alikuwa mhasibu wa shirika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika yalipoanza kuuzwa na kufungwa, la kwake lilifungwa, na mali zake zikapigwa mnada. Baba alirudi nyumbani na barua ya kuachishwa kazi, kiinua mgongo, na funguo za gari la bosi wake. Alilipata kwa bei ndogo mno. Toyota chakavu ya Japani, ambazo ndio kwanza zilikuwa zimeanza kumiminika bandarini, ingemgharimu zaidi.

Ukurasa wa kwanza wa daftari una mstari mmoja tu: tarehe, neno “gari”, na bei. Chini yake Mama amepiga mstari mnene, kama mtu anayefunga hesabu. Ukurasa wa pili unaanza wiki moja baadaye.

Sikumwelewa Baba kwa muda mrefu. Mtu aliyepatanisha vitabu vya shirika kwa miaka 20 alishindwaje kuona kwamba bei ya kununua ndiyo ndogo kuliko zote? Sasa nadhani aliona. Alikuwa ameandika hundi za spea za gari lile kwa mkono wake mwenyewe. Lakini siku shirika lilipokufa, kila kitu alichokitumikia kiligawanywa kwa watu wengine, na yeye alitaka arudi na kipande kimoja.

*

Tatizo kubwa lilikuwa kuwaka likiwa na joto. Asubuhi lilikuwa likiitika kwa stata moja. Ukienda nalo mjini, ukazima, ukanunua mkate, ukarudi baada ya robo saa, linakataa. Stata inazunguka mpaka betri inachoka. Ukisubiri saa nzima, linawaka kama hakuna kilichotokea.

Mwaka 1996 tulikuwa tunakwenda Morogoro kwenye msiba wa shangazi. Tulisimama Chalinze, Baba akazima injini tupate chai. Tulikaa pale kwenye jua la saa saba mpaka saa kumi. Baba alimwaga maji juu ya mabomba, akaweka kitambaa kibichi, akafunua boneti, akafunga boneti. Tulipofika Morogoro udongo wa kaburi la dada yake ulikuwa umeshakauka. Alisimama pale amevaa suti ya ofisi, hakulia. Mama ameandika siku ile: “Chalinze. Betri. Hakumzika dada yake.” Safu ya shilingi ameiacha wazi.

Fundi wetu alikuwa na gereji bubu Keko, chini ya mkungu, bila kibao wala ukuta. Ndiye aliyenieleza ugonjwa ule, nilipokwenda kumwona kwa kazi niliyopewa na kikao.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzee. Mkurugenzi bado yupo?”

Alichora chini kwa kijiti. Gari lile halina kabureta. Lina mfumo wa Bosch unaoitwa K-Jetronic, ambao hunyunyiza petroli mfululizo bila kompyuta yoyote. Hewa ikiingia inainua sahani. Sahani inasukuma pini ndani ya kigawio cha chuma, na kigawio kinapeleka petroli kwenye nozeli sita. Kila kitu kinategemea presha. Pampu ya umeme iko nyuma, chini ya gari, na karibu yake kuna kikopo chenye utando na springi ndani. Kazi ya kikopo kile ni moja: ukizima injini, kinashikilia presha kwenye mabomba. Utando ukichoka, presha inashuka mara moja, na petroli iliyobaki kwenye mabomba ya moto inageuka mvuke. Ukipiga stata, pampu inasukuma mvuke. Ndiyo maana ikipoa linawaka.

“Ulaya mtu anaweza kukaa na kikopo kibovu asijue,” alisema. “Baridi inamsaidia. Hapa jua linakusema siku hiyo hiyo.”

Kikopo kipya kilikuwa hakipatikani Dar es Salaam, na kukiagiza kwa baharia kulizidi kipato cha mwezi cha Baba, ambaye wakati huo aliandika vitabu vya hesabu vya maduka mawili ya Kariakoo. Basi fundi alivuta waya kutoka kwenye betri hadi kwenye pampu, akaficha swichi chini ya dashibodi. Kabla ya kupiga stata, Baba alikuwa akibonyeza swichi na kuhesabu mpaka kumi. Pampu ilijaza mabomba, mvuke ukasukumwa urudi tenki, gari likawaka. Kwa miaka sita tulihesabu pamoja naye kutoka kiti cha nyuma, moja mpaka kumi, kwa sauti, kama darasa.

Fundi alijua alichokiondoa. Kwenye mfumo ule pampu hukatika yenyewe injini ikizimika, ili gari likigongwa petroli isiendelee kumwagika. Waya wake uliruka ulinzi huo. “Nilimwambia mzee asisahau kuizima,” alisema. “Mimi mwenyewe sikulala usingizi mzuri.”

Mengine yote katika daftari ni ya namna hiyo: kitu kidogo kinachovuta kikubwa. Petroli ya miaka ile ilikuja na maji na kutu ya matenki, na ile pini ya kigawio, iliyochongwa kwa kipimo chembamba sana, ikawa inanata. Rejeta iliongezwa maji ya kisima, na visima vya Temeke vina chumvi. Bloku ya injini ni chuma, lakini silinda hedi ni alumini, na chumvi huila alumini polepole mpaka njia za maji zinapanuka na gasketi inakosa pa kukaa. Fundi mwingine, kabla ya huyu wa Keko, alikuwa ametoa thamostati ili injini “isichemke”. Injini ikawa haifikii joto lake, na mfumo wa petroli, ukidhani ni asubuhi daima, ukazidi kumimina. Miezi minane baadaye gasketi iliungua hata hivyo.

Mipira nayo ilikauka yote: bushi za miguu ya mbele, mikono ya injini, vipira vya mabomba madogo ya hewa yanayofunga milango. Milango ile hufungwa kwa mvuto wa hewa unaotoka kwenye injini, na mpira mmoja ukipasuka mahali popote, milango minne inagoma pamoja. Bodi ilianza kuoza chini ya milango na nyuma ya taa, mahali maji ya mvua yanapokaa na hewa ya bahari inapofika. Kutu ile huwezi kuiona mpaka ufunue zulia. Siku unapofunua, unaona ardhi.

*

Katika ukurasa wa Januari 1997 kuna mistari miwili iliyofuatana. Wa kwanza: “Gasketi, kusawazisha hedi, oili.” Kiasi kimeandikwa na kupigiwa mstari. Wa pili: “Ada ya bint yangu. Muhula ujao.”

Binti huyo ni dada yangu. Alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni. Alikaa nyumbani muhula mzima akinisaidia hesabu zangu za darasa la saba. Aliporudi darasani wenzake walikuwa wamekwenda, na akarudia mwaka. Leo ana duka la dawa Mbagala na hana shida na mtu. Lakini alikuwa akitaka kuwa daktari, na sote tunajua, na katika kikao kile alikuwa amekaa akilitazama gari bila kusema.

Nilipomwonyesha ule ukurasa alisoma, akafunga daftari. “Sikujua kwamba Mama aliandika,” alisema. Kisha: “Baba aliniomba msamaha siku moja, ndani ya gari hilo hilo. Tulikuwa tunahesabu mpaka kumi.”

*

Nilifanya kazi niliyotumwa. Niligundua kwamba mdogo wetu hakukosea kuhusu Ulaya. Mwaka 1993 kiwanda kilifungua kituo maalumu cha magari yake ya zamani huko Fellbach, karibu na Stuttgart, na spea nyingi za gari kama letu bado zinapatikana. Tangu mwaka 1997 Ujerumani hutoa namba maalumu yenye herufi H kwa gari lililofika miaka 30 likiwa katika hali yake ya asili, na mwenyewe hulipa kodi moja tu ya yuro 191.73 kwa mwaka, bila kujali ukubwa wa injini. Kule uzee ni sifa inayopunguziwa kodi. Kwetu uzee ni kosa linaloongezewa ushuru, na jirani zetu wa Kenya hawaruhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka minane. Sikatai sababu zao. Sisi tulipokea mazee ya wenzetu kwa muda mrefu sana.

Lakini hata kule, wapenzi wa magari haya wana neno lao wanaloambiana: hakuna Mercedes ghali kama ile uliyoipata rahisi. Kulirudisha gari aina ya 280 SE katika hali yake mara nyingi hugharimu zaidi ya bei litakayouzwa. Anayefanya hivyo anafanya kwa mapenzi, na ana kazi nyingine inayomlisha.

Fundi alinipigia hesabu ya kwetu: kikopo, pampu, kigawio kusafishwa, nozeli sita, hedi, bushi zote, matairi, mabomba ya breki, kukata na kuchomea bodi. Kabla hata hatujafika kwenye rangi, jumla ilikuwa imeshapita bei ya Toyota IST iliyotumika. Tulikuwa na bahati moja tu. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, ambayo gari lililolala chini ya mwembe liliendelea kudaiwa, ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Vinginevyo tungerithi na deni la serikali.

Kila mwaka huwapeleka wanafunzi wangu Makumbusho ya Taifa, ambako kuna Rolls-Royce iliyotumika zama za ukoloni na baadaye na Mwalimu. Wanapenda kupiga nayo picha. Mwaka huu niliitazama kwa jicho jingine. Gari la makumbusho halidaiwi kuwaka. Kadi iliyo mbele yake inataja walioketi nyuma, na wanafunzi wananakili majina yao. Aliyelala chini yake na spana hana mstari.

Ndipo nikarudi kwenye daftari na kulisoma upya, safu ya mwisho kulia, ambayo nilikuwa nikiiruka. Spea zote Mama ameandika “taslimu”, kwa sababu muuza spea hakopeshi. Lakini pembeni ya kazi zenyewe, kufungua, kufunga, kuvuta waya, kuchomea, ameandika “fundi, deni”. Nilihesabu mistari hiyo. Ilikuwa 43. Iliyowekewa alama ya kulipwa ilikuwa 19.

*

Kikao cha pili kilikuwa kifupi. Nilisoma jumla ya gharama za kulifufua, mdogo wetu akainamisha kichwa. Nilisoma bei ya chuma chakavu, kaka akatikisa kichwa kukubali. Kisha nikasoma ile mistari 24, mmoja mmoja, na tarehe zake. Palikuwa kimya. Kwa dini yetu deni la maiti hutangulia urithi, na siku ya maziko baba mdogo alisimama mbele ya watu akauliza nani anamdai marehemu. Fundi alikuwepo. Hakunyanyua mkono.

Dada ndiye aliyesema. “Tumlipe. Na gari apewe yeye. Kama atalikata, alikate. Analijua.”

Fundi alikuja Jumamosi na vijana wawili na pampu ya upepo. Hela alizipokea baada ya kubishana, akazihesabu, akarudisha noti moja, akasema ya Chalinze haikuwa kazi yake. Alisema hatalikata. Kuna wateja wawili mjini wenye aina ile, na mmoja amekwama kwa kukosa kigawio. Bodi ataifanyia stoo.

Waliposukuma hadi getini, Dada alichungulia ndani, akapeleka mkono chini ya dashibodi akabonyeza swichi. Betri ilikuwa imekufa miaka mingi, hakukuwa na sauti yoyote. Hata hivyo alisubiri kidogo, midomo ikicheza, kisha akafunga mlango.

Daftari aliniomba. Nilimpa.